Nyumba ya Asiyelalamika

Katika masuala ya maadili lipo moja la zamani ambalo halichakai: mtu huwajibika zaidi kwa nani, kwa yule anayemdai au kwa yule asiyemdai? Anayedai ana ulimi na ana mashahidi, na akidhulumiwa hupiga kelele hata jirani akasikia. Asiyedai hana lolote katika hayo. Haki yake, ikiwa anayo, imo mikononi mwa yule yule awezaye kumdhulumu. Yatima na mgonjwa asiyejiweza ndio mifano itajwayo sana, na kila mtu huikubali upesi, kwa kuwa moyo wa mja huwaelekea waja wenziwe. Suala hubana pale asiyedai anapokuwa kiumbe ambaye hata moyo haumwelekei: ana magamba, ana meno, jicho lake halisemi kitu, na hampendi anayemlisha.

Kiumbe mmoja wa namna hiyo ni kaimani, na suala hili humkuta chumbani, ndani ya nyumba za watu, katika miji ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Kaimani ni jamaa wa mamba. Makwao ni mito, vinamasi na misitu yenye mafuriko ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Wapo wa aina sita, na mkubwa wao, kaimani mweusi wa Amazon, hupita mita 4. Wanaoingia majumbani aghalabu ni wawili. Wa kwanza ni kaimani wa miwani, aitwaye hivyo kwa ajili ya ukingo wa mfupa uliopita baina ya macho yake kama daraja la miwani. Dume lake hufika mita 2 na kuzidi. Wa pili ni kaimani mdogo wa Cuvier, aliyechukua jina la mwanachuoni wa Kifaransa Georges Cuvier, ambaye alimweleza mwaka 1807. Huyu hukomea kwenye mita 1.5 hivi, ndiye mdogo kuliko jamaa zake wote wa bara la Amerika, na udogo huo ndio balaa lake. Kwa kuwa ni mdogo, watu hudhani anaenea nyumbani.

Akitoka yaini, mtoto wa kaimani ana urefu wa sentimita 20 hivi. Hukaa katika kiganja, na akishtuka hutoa sauti nyembamba ya kumwita mama ambaye hayupo. Mnunuzi humwona ndani ya tangi la kioo, na hapo hujituliza kwa hekima ambayo Waswahili wameifupisha vizuri: samaki mkunje angali mbichi. Atalelewa tangu udogoni, atazoea mkono, atakuwa mpole. Ama kuzoea, atazoea. Ataacha kukimbia, ataijua saa ya chakula, na anaweza hata kufundishwa kuifuata alama ili apate kipande cha nyama, kama wafanyavyo watunzaji katika bustani za wanyama. Lakini kuzoea si kufugika. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wana nyuma yao maelfu ya miaka ya kuchaguliwa, kizazi baada ya kizazi, mpole akaachwa azae na mkali akachinjwa. Kaimani hana historia hiyo. Aliyeanguliwa katika tangi la mfugaji wa Ulaya na aliyeanguliwa ukingoni mwa Orinoco wana mwili ule ule na khofu zile zile. Methali ni ya samaki, na mwenye kuitumia kwa kaimani amekosea mto.

Tena ipo hesabu ya miaka. Kaimani aliyetunzwa vyema huishi miaka 30, wengine 40. Kijana wa miaka 25 amnunuaye leo huenda akawa na wajukuu kabla yule mnyama hajafa. Katika muda huo atahama nyumba mara kadhaa, ataoa au kuolewa, pengine atapoteza kazi, pengine afya. Aliyemnunua kwa furaha ya Jumamosi moja amefunga ahadi ndefu kuliko ndoa nyingi.

Hata jina la pahala pake ni tabu kulipata. Kiswahili kina majina mengi ya makazi ya wanyama, na kila jina lina mkataba ndani yake. Zizi ni la ng'ombe, ambaye hutoka asubuhi akarudi jioni. Mzinga ni wa nyuki, wanaoingia na kutoka kwa hiari yao, na wakichukizwa huhama. Banda ni la mbuzi na kuku, ambao hulipa kodi ya maziwa na mayai. Tundu ni la ndege, na hapo pana uzuri wa sauti na manyoya, ingawa ndege mwenyewe hakushauriwa. Kaimani wa chumbani hayumo katika mikataba hiyo. Hatoki, halipi, haimbi. Kumwita mgeni si sawa, maana mgeni huambiwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Yaani ana haki ya kuondoka na ana kazi ya kumpa heshima. Kumwita mfungwa si sawa pia, maana mfungwa husomewa kosa. Yapo maneno mawili, kufuga na kufunga, yaliyotengana kwa herufi moja. Wapenzi wa kuchimba maneno wasiharakishe kuyafanya ndugu. Sauti kukaribiana si ushahidi wa ukoo. Hata hivyo anayejenga chumba cha kaimani anafanya yote mawili kwa pamoja, na lililo juu yake ni kuamua lipi litangulie.

Tatizo la kwanza analokutana nalo si la mbao wala zege. Ni kwamba mwenye nyumba hajisemei. Mbwa aliyefungiwa pabaya hulia, paka hukwaruza mlango, kasuku hujinyonyoa manyoya. Kaimani hukaa kimya. Akiridhika hukaa kimya, akiumwa hukaa kimya, akiona baridi hukaa kimya zaidi. Binadamu, kwa kuwa amezoea kusoma nyuso, huusoma utulivu huo kuwa ni raha. "Mtazameni, hatikisiki, hataki kitu." Lakini utulivu wa kaimani ni kazi yake: ni namna ya kuvizia na namna ya kutumia nguvu kidogo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wamesema wazee, ila kwa huyu mshindo wenyewe huweza kuchelewa miaka kumi, ukaja kwa sura ya taya iliyopinda au uti wa mgongo uliolegea.

Lugha nayo imemdhulumu kwa upande mwingine. Watu husema "machozi ya mamba" wakikusudia unafiki. Mwaka 2007 watafiti wa Florida walichapisha walichokiona walipowatazama kaimani na aligeta, yule jamaa wa mamba wa Marekani, wakila nchi kavu: machozi huwatoka kweli, na mengine hufanya povu machoni. Yanatoka kwa sababu za mwili wakati wa kutafuna, hayana uhusiano na huzuni wala hila. Basi uso huo haupaswi kusomwa kwa wema wala kwa ubaya. Haukuumbwa uwe ukurasa.

Kwa hivyo anayejenga kwa insafu humtafutia kaimani mkalimani, na mkalimani huyo ni kipimajoto. Hili si jambo la kuchekesha. Damu ya kaimani hufuata joto la mahali alipo. Hana jiko ndani ya mwili kama alilo nalo mtu. Maji yake yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 26 na 29 za Selsiasi, na pawepo jabali au gogo kavu chini ya taa lenye nyuzi 32 hadi 35, ili achague mwenyewe wakati wa kupata moto na wakati wa kupoa. Uchaguzi huo ndio uhuru uliobaki mikononi mwake. Chumba chenye joto moja kila pembe, hata likiwa joto zuri, kimemnyang'anya. Na joto likishuka mno, ataacha kula, na alichokwisha kula hataweza kukisaga. Chakula kitaoza tumboni mwake, naye atakaa kimya.

Kwao mambo haya hupangwa kwa ustadi unaoshinda hita yoyote. Yupo kaimani wa Schneider, ndugu wa karibu wa yule wa Cuvier, ambaye huishi katika vijito vya msitu mzito. Kivuli cha msitu huo ni kizito hata jua halifiki chini kuyatia joto mayai. William Magnusson na wenziwe, waliowachunguza karibu na Manaus nchini Brazili, walieleza katika miaka ya 1980 jinsi jike anavyolijenga rundo lake la majani na udongo kwa kuliegemeza kwenye kichuguu cha mchwa. Mchwa wakifanya kazi zao hutoa joto, na joto hilo huwalea watoto wa jirani yao asiyewalipa. Anayetundika hita ukutani huko Leeds au Cologne anajaribu kuiga kwa umeme mkataba ambao mnyama huyu aliufunga na mchwa zamani. Na umeme, tofauti na mchwa, hukatika usiku wa Januari.

Baada ya joto ni maji, na hapa hesabu inaanza kuingia katika falsafa bila kubisha hodi. Kaimani wa mita 1.5 anahitaji kugeuka bila mkia wake kukunjwa na ukuta, na anahitaji kuzama mwili mzima. Tuseme basi ni hodhi la urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60. Si hodhi la fahari. Katika mto wake hapo ni hatua mbili tatu. Lakini maji yake ni lita 3,600, na uzito wake ni tani 3 na kilo 600, yaani kilo 600 juu ya kila mita ya mraba. Sakafu ya chumba cha kawaida katika nyumba za Uingereza hukadiriwa kubeba kilo 150 hivi kwa mita ya mraba. Maana yake ni kwamba hodhi hilo, hata likiwa dogo namna hiyo, halipandi ghorofani. Mtu aishiye katika fleti ya ghorofa ya tatu akauliza kama ni halali kumfuga kaimani amekwisha jibiwa, na aliyemjibu ni fundi mwashi.

Wengi hupitia njia ya kupunguza. Hupunguza kina, kisha upana, kisha hujiambia ya kuwa mnyama atakua kwa kadiri ya tangi. Dhana hiyo imeenea sana nayo ni uwongo. Kaimani hakui kwa kadiri ya tangi. Hukua, na akidumaa amedumaa kwa lishe mbaya, baridi na ugonjwa. Anayejua kutunga atakumbuka hapa ya kuwa neno ubeti limetoka katika Kiarabu, na kwamba huko asili yake ni nyumba. Mtunzi huwa na haki ya kulikata neno lisiloenea mizani akatafuta jingine. Mjenzi wa nyumba hii hana haki hiyo, kwani kisichoenea ni mkia wa mtu mwingine.

Mengine ya maji yapite upesi. Kaimani huchafua maji anamokaa, kwa hivyo pawe na chujio kubwa ambamo bakteria huigeuza amonia kuwa kitu kisicho na sumu kali, pawe na bomba pana la kutolea maji sakafuni, na hewa ya chumba iwe na joto sawa na maji au kulizidi kidogo, la sivyo mvuke utapanda ukutani na baada ya mwaka mmoja nyumba nzima itanuka kuvu. Nyaya za umeme ziwe na kifaa cha kukata mkondo papo hapo zikiguswa na maji. Anayefuga anunue vizuri au asinunue.

Taa inastahili maneno zaidi. Mtambaazi huyu anahitaji miali ya urujuanimno aina B ili mwili wake utengeneze vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu ya chakula haiendi mifupani. Mchana wa Amazon humpa bure. Chumbani huipata katika taa maalumu. Ajabu ya taa hizo ni kwamba miali inayomlisha hufifia baada ya miezi kadhaa, ilhali mwanga unaoonekana kwa macho unabaki ule ule. Mwenye nyumba huingia, huiona taa inawaka, hufurahi. Mnyama naye yuko chini ya nuru tupu. Asiyeandika tarehe aliyoifunga taa, wala hana chombo cha kupimia miali hiyo, hatajua lolote mpaka mifupa iseme. Huu si uovu. Ni ile hali ya mtu mwema aliyetosheka na kile jicho lake mwenyewe linachokiona, na wengi wa waliodhulumiwa duniani wamedhulumiwa na watu wa namna hiyo kuliko na waovu.

Kuna na jambo la uso. Mwaka 2002 mtafiti Daphne Soares alieleza katika jarida la Nature kazi ya vipele vidogo vilivyotapakaa katika taya za jamii ya mamba. Kwa vipele hivyo aligeta huweza kugeukia tone moja la maji lililoanguka gizani, bila kuliona wala kulisikia. Kaimani naye anavyo. Sasa msomaji aifikirie pampu ya bei nafuu, iliyofungwa kwenye ukuta wa hodhi, inayotetemeka mchana na usiku kwa miaka 30. Kwa mwenye nyumba ni mngurumo mdogo unaozoeleka baada ya wiki. Kwa uso ule ni nini? Hakuna wa kumuuliza. Mjenzi mwenye staha huiweka pampu mbali, juu ya mpira, na kuiunganisha kwa bomba laini; hangoji kuthibitishiwa ya kuwa inaudhi, maana ushahidi wa namna hiyo hautakuja.

Ndipo inapofika zamu ya kioo, na hapa ndipo nia ya mtu hujulikana. Michoro mingi ya vyumba hivi huanza na kioo kikubwa kinachotazama sebule, nyuma yake maporomoko madogo ya maji, mawe ya faibaglasi na mizizi iliyopangwa kama picha. Kaimani wa Cuvier hutoka usiku. Mchana hupenda kujificha shimoni au chini ya gogo. Ni mwoga wa kinachosogea juu yake. Akiwekwa mbele ya kioo hataelewa ukuta usioonekana. Atausukuma kwa pua, siku baada ya siku, mpaka pua ichubuke. Kioo ni cha mtazamaji. Maporomoko ni ya mtazamaji. Chumba ambacho kweli ni cha kaimani kina kuta zisizoonyesha mpaka juu ya kimo chake, pembe zilizoviringwa, njia ya kupandia isiyokwaruza tumbo wala kuteleza, mimea minene, na pango ambamo aingiapo haonekani. Kwa ufupi, kadiri chumba kinavyokuwa kizuri kwake, ndivyo mwenye nyumba anavyozidi kutomwona.

Hapa suala la mwanzo linarudi likiwa na makali. Mtu alimtaka kaimani kwa sababu alitaka kumtazama. Akimjengea kwa insafu, atakuwa amegharimika zege, umeme na miaka, ili mnyama apate kujificha naye. Kuna atakayeona kwamba huo ni upumbavu. Yupo pia atakayeona kwamba hapo ndipo mapenzi yanapopimwa, na hoja hiyo ina ladha tamu, lakini isimezwe haraka. Kaimani hakuomba apendwe. Neno mapenzi humfaa mpendaji kujieleza kwa watu. Kwa asiyelalamika halina uzito kama nyuzi 28 za majini. Mtu anaweza kumpenda mnyama wake kwa dhati na bado akamharibu.

Mwezi Machi mwaka 2024, katika jimbo la New York, maofisa walimchukua aligeta mmoja aliyeishi kwa zaidi ya miaka 30 na mtu aliyemjengea hodhi ndani ya nyumba. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 3 na uzito wa kilo 340 hivi. Maofisa walisema ni kipofu wa macho yote mawili, kwamba ana maradhi ya uti wa mgongo, kwamba watu waliruhusiwa kuingia naye majini, na kwamba leseni yake ilimalizika mwaka 2021. Mwenyewe alikanusha kumtendea ubaya, na maelfu ya watu walitia saini arejeshewe. Kesi za namna hiyo haziamuliwi na essei. Linalodhihirika ni kwamba pande zote mbili zilisema kwa niaba ya mnyama, na kila upande ulikuwa na yakini. Na yule aliyesemewa hakupatikana kwa maoni.

Wengine hawafiki hata huko. Mwezi Julai mwaka 1994 huko Dormagen, Ujerumani, kaimani wa sentimita 80 hivi, aliyeitwa Sammy, alimponyoka mwenyewe katika ziwa la kuogelea alikopelekwa apunge hewa. Waogaji walifukuzwa, polisi na wapiga mbizi wakaingia kazini, magazeti ya nchi nzima yakafurahi kwa siku kadhaa, kisha akakamatwa hai na kupelekwa kwenye bustani ya wanyama. Mwaka 2001 kaimani mwingine mdogo alionekana katika bwawa la Harlem Meer, ndani ya Central Park mjini New York. Florida ya kusini ina kaimani wa miwani wanaozaana wenyewe, wazao wa waliotupwa na wafugaji. Na kisiwani Puerto Rico, katika ziwa la Tortuguero, hali ni hiyo hiyo tangu karne iliyopita. Watu wa visiwani hawahitaji kuelezwa sana maana ya kiumbe mgeni kuachiwa katika maji ya kisiwa, ambako samaki na ndege wake hawakumtarajia. Anayemtupa hujiambia amempa uhuru. Amewahamishia wengine deni lake, na miongoni mwa wengine hao wamo wasiolalamika.

Sheria nazo zimejaribu. Tangu mwaka 1975 mkataba wa CITES unasimamia biashara ya kimataifa ya jamii nzima ya mamba. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1976 ya wanyama wa mwituni walio hatari inamtaka mtu apate leseni ya halmashauri kabla ya kufuga kaimani, daktari wa wanyama akague, bima iwepo. Sheria hiyo inayataja yanayotakiwa katika makazi: ujenzi, ukubwa, joto, mwanga, hewa, utoaji wa maji machafu na usafi, na kwamba pasiwe pa kutorokea. Ni orodha ya watu wenye akili. Aliyeiandika alijua ya kuwa mapenzi hayakaguliki, lakini bomba la maji machafu linakaguliwa. Hata hivyo orodha hukagua chumba cha siku ile. Haikagui miaka 30 ijayo, wala haimuulizi mtu ni nani atakayekuwa na ufunguo yeye akilazwa hospitali.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Husemwa ya kuwa kaimani aliyezaliwa kizimbani hakuujua mto, na kwamba asichokijua mtu hakimsumbui. Tena porini si peponi: watoto wengi wa kaimani huliwa na ndege na nyoka katika mwaka wa kwanza, ilhali wa chumbani hulishwa samaki, panya na wadudu kwa koleo. Sehemu ya hoja hii ni kweli, na anayeikataa yote anaipamba mito kuliko ilivyo. Lakini hoja inadai ya kuwa ujuzi wote hukaa katika kumbukumbu. Aliyeanguliwa kwenye kasha la joto, ambaye hajapata kuona tai, huzama kivuli kikimpitia. Mwili wake umeujua mto kabla yake. Hakuukosa mto kama mtu anavyoukosa mji wake, huenda. Ila ana viungo na hila za mahali ambapo hayupo, na kila kiungo kisichopata kazi ni swali alilobebeshwa mjenzi.

Na bado wapo kaimani ambao kwa hao mjadala umechelewa. Waliokamatwa bandarini, waliookotwa katika maziwa, walioachwa na waliofariki. Hawawezi kurudishwa Amazon, kwa khofu ya maradhi watakayowapelekea walioko huko, na mara nyingi kwa kutojulikana walitoka kijito gani. Bustani za wanyama hazina nafasi ya kila mmoja wao. Hao lazima wajengewe, na anayewajengea hafanyi lile lile alifanyalo mnunuzi, hata kama mawe, taa na pampu zao ni za duka moja. Mmoja anajibu hali iliyokwisha kuwapo. Mwingine analipa fedha ili hali hiyo izaliwe, maana kila kaimani anunuliwaye humwambia mwuzaji aangue mwingine. Tofauti yao haionekani katika mchoro wa chumba. Inaonekana katika tarehe: je, mchoro ulitangulia mnyama, au mnyama alitangulia mchoro?

Walio na uzoefu hujenga milango miwili, mmoja ndani ya mwingine, ili wa kwanza ufungwe kabla wa pili haujafunguliwa, na huweka lango la kushuka kati ya nchi kavu na maji ili anayesafisha asikutane na mwenyeji. Katika nafasi ndogo iliyo baina ya milango hiyo hutundikwa karatasi. Huandikwa humo joto la maji asubuhi na jioni, joto la jabali, siku aliyokula na alichokula, siku maji yalipobadilishwa, tarehe taa ilipofungwa. Mistari mingi haina habari: 27, 28, 27, hakula, 28, alikula samaki wawili. Kwenye baadhi ya karatasi hizo, chini kabisa, pana mstari wa jina na namba ya simu ya mtu wa pili, atakayeitwa wa kwanza asipoonekana. Mara nyingi mstari huo uko tupu.